Baada ya Kuambiwa Niondoke Kidato cha Tano

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo nikiirudia huwa nasikia kwanza kalamu ya Sista mkuu wa shule ikigonga meza. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana, huko kwetu Iringa. Sista hakunifokea. Alimweleza baba yangu kwa upole kwamba shule hainifukuzi, inaniomba tu nitafute mahali pengine pa kuendelea, maana alama zangu za fizikia na kemia zilikuwa chini mno, kidato cha sita kina mtihani wa taifa, na shule ina jina lake. Baba akasema, "Tumeelewa, Sista." Akabeba sanduku langu la bati, tukaondoka. Njia nzima hakuniuliza kitu. Nadhani angeniuliza ningepata nafuu.

Kwa hesabu za ukoo mimi ni bibi yako, shangazi wa mama yako, lakini niruhusu nikuite mwanangu. Mama yako alinipigia simu wiki iliyopita akanieleza kwamba na wewe umeambiwa maneno yale yale, kwa upole ule ule, na kwamba tangu siku hiyo hutoki chumbani. Anafikiria kukuleta huku kwangu Toronto. Nimemwambia asubiri kwanza nikuandikie. Pole sitakupa, kwa sababu najua umeshapewa nyingi na hazijakusaidia. Nitakueleza yaliyonipata mimi, wewe utachukua la kuchukua.

Mama yangu alikuwa ametangulia Toronto miaka kadhaa nyuma, akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba alikataa kuhama. Alisema mtu mzima hahamishwi kama mche wa mnyanya. Karatasi zangu za kumfuata mama zilitoka msimu ule ule nilioondolewa shule, na watu wa kwetu wakaona ni bahati. Msichana ameachwa na kidato cha sita, kumbe Ulaya inamngoja. Kwao Kanada nayo ilikuwa Ulaya.

Mama alikuwa amepanga nyumba katika ghorofa moja ndefu katika mtaa wa Jane na Finch. Basi lake la asubuhi lilijaa wanafunzi wa chuo kikuu kilicho karibu pale. Alikuwa amezoea kuwaambia wenzake kazini kwamba binti yake akija atapanda basi hilo hilo na kushuka pale chuoni. Nilipomweleza kwamba kidato cha sita sikufika, alisema chai inapoa. Wiki iliyofuata akanipeleka mwenyewe kwenye shule ya watu wazima, mahali ambapo mtu aliyekatiza sekondari anaruhusiwa kuimalizia, awe na umri gani.

Mshauri wa shule, mama mmoja mwenye miwani mizito, alitazama vyeti vyangu bila haraka. Kidato cha nne alikikubali. Kidato cha tano akasema hakihesabiki, kwa kuwa hakuna mtihani wa taifa wa kukithibitisha. Akanipangia Kiingereza na hesabu, na hesabu zenyewe za darasa la chini, kutoka mwanzo.

Dawati la kando yangu lilikuwa la Bibi Filomena. Alikuwa Mgoa, ukoo wake ukitoka Goa huko India, mweupe wa nywele, mfupi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, kizuri kuliko changu mimi niliyetoka nyanda za juu. Alizaliwa na kukulia Tanga, baba yake akiwa karani wa reli. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita mama yake alifariki, akatolewa shule ili alee wadogo zake. Akawalea. Wakasoma wote, na walipohamia Kanada akaja nao, akaolewa, akazaa, akalea tena. Sasa mumewe alikuwa amekufa, watoto wana nyumba zao, naye akiishi peke yake Crescent Town, upande wa pili wa mji. Alikuwa amekuja kumalizia sekondari. Wanawe walidhani anatania.

Mimi siku hizo nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeaibishwa, na hicho ndicho kiburi kibaya kuliko vyote, kwa sababu mwenyewe hukiita heshima. Nilijiambia: mimi nilikuwa mkondo wa sayansi, leo nakalishwa na bibi kizee tujumlishe sehemu. Nilikaa wiki chache tu, kisha sikurudi. Nikapata kazi katika kiwanda cha mikate huko Etobicoke, nikifunga mikate ya kukatwa kwenye mifuko. Kazi haikuwa mbaya. Ilikuwa na joto, na hakuna aliyeniuliza nimefika kidato gani. Mama hakunigombeza. Ila niligundua kwamba akizungumza na wenzake kwenye simu, habari za basi na chuo hazitaji tena.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mimi nilikuwa nimeteleza, kisha nikaamua kulala pale pale.

Jumamosi moja ya baridi kali mlango uligongwa. Nikafungua, nikamkuta Bibi Filomena, koti limejaa theluji mabegani. Alikuwa amepanda treni ya chini ya ardhi kukata mji mzima, kisha basi hadi ghorofa niliyowahi kumtajia, akauliza watu mlangoni ni wapi kwa mama wa Kitanzania. Nikamwamkia shikamoo, mama akampokea koti, akamwekea chai ya tangawizi. Walizungumza kwanza mambo ya Tanga, na machungwa, na hali ya miguu. Wala hakuwa na haraka. Kisha akanigeukia.

"Umeacha kwa nini?"

Nikamwambia nimewekwa kwenye hesabu za watoto, na mimi hesabu hizo nazijua.

"Unazijua," akasema. "Basi mbona lile jaribio la Ijumaa ulikosa nusu?"

Nilikuwa nimelikunja karatasi lile haraka sana siku ile, nikidhani hakuliona. Mama akanitazama.

Bibi Filomena akaweka kikombe chini. Hakupandisha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Wale masista walikutoa shuleni. Sawa, shule ni yao. Lakini masomoni hawakukutoa, hawana uwezo huo. Masomoni umejitoa mwenyewe. Mimi nilitolewa na msiba, na sikuulizwa. Wewe hakuna aliyekufa."

Mama, ambaye kwa desturi zetu asingeruhusu mgeni amseme mwanawe ndani ya nyumba yake, alisema neno moja tu: "Msikilize."

Nisikudanganye kwamba nilibadilika papo hapo. Nilikasirika. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi nikitembea hatua mbele yake, naye akanizungumzia bei ya samaki. Basi lilipokaribia ndipo akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba zile sehemu zinamshinda, na mwalimu anaeleza upesi upesi kwa Kiingereza, na angefurahi akipata mtu wa kumweleza kwa Kiswahili. Nilirudi darasani Jumatatu. Nilijiambia nakwenda kumsaidia mzee.

Hapo, Neema, ndipo penye kiini cha haya yote, kwa hiyo soma polepole. Nilipoanza kumweleza Bibi Filomena kwa nini sehemu hugeuzwa juu chini zinapogawanywa, nilijikuta sijui. Nilijua kwamba zinageuzwa. Kwa nini, sikuwahi kujiuliza. Aliniuliza kama mtoto mdogo anavyouliza, "Kwa nini?" na kila nikijibu akauliza tena. Nikaenda kwa mwalimu, nikauliza mimi, nikarudi nikamweleza yeye. Tulifanya hivyo mwezi baada ya mwezi. Nikaelewa taratibu kilichonitokea kidato cha tano: nilikuwa nakariri. Kidato cha nne kukariri kulinivusha. Kidato cha tano mzigo ukawa mkubwa kuliko kumbukumbu. Sista aliniona nimeshindwa fizikia, na kweli nilishindwa, lakini si kwa sababu niliyokuwa nikiidhania mimi, kwamba kichwa changu kina mpaka na nimeufikia.

Nilimaliza masomo ya sekondari nikifunga mikate mwishoni mwa juma. Nikaomba chuo kikuu kile cha karibu na kwetu, kitivo cha sayansi. Wakanikataa, kemia ikiwa bado pungufu. Safari hii nililia siku moja tu, nikaenda kwa yule mshauri wa miwani mizito. Akaniambia jambo ambalo ningeambiwa mapema ningepumua: kwamba chuo kikuu kina milango mingi, na ule wa mbele ndio tu wenye watu wengi. Naweza kurudia kemia niombe tena. Naweza kufanya kazi hadi umri unaoruhusu kuomba kama mtu mzima, ambapo hawatazami sana ulivyokuwa shuleni. Au naweza kwenda chuo cha kati, nisome stashahada ya maabara, kisha chuo kikuu kinihesabie baadhi ya masomo.

Nilichagua chuo cha kati. Watu kanisani walinong'ona kwamba huko ni kwa walioshindwa, na wengine walinionea huruma mbele ya mama yangu. Mchagua jembe si mkulima. Nami nilitaka kulima. Mle chuoni nilishika chupa na mizani kwa mikono yangu, na kemia iliyonikimbia kwenye ubao wa Iringa ikaja yenyewe ikakaa. Nilipomaliza, chuo kikuu kile kile kilichonikataa kikanipokea, kikanihesabia masomo yangu, si yote, ila ya kutosha. Nilikaa na vijana wadogo kuliko mimi, hawakujali. Na mwenzangu mmoja wa kiwandani, mama wa Kiganda ambaye hata kidato cha nne hakumaliza, alipitia darasa maalumu la matayarisho ambalo chuo huwawekea watu wazima wasio na vyeti. Alifika kabla yangu. Nilimkuta maktaba, akaniuliza nilichelewa wapi.

Bibi Filomena naye alipata cheti chake. Hesabu nazo alizifaulu. Wanawe walikuja siku ya kukabidhiwa wakiwa na maua, na mmoja wao, mwanamume mzima mhasibu, alikuwa akifuta macho pembeni. Nilimwuliza kama ataendelea chuoni. Akasema hapana. "Nilitaka kumaliza nilichoanza. Nimemaliza. Sasa nataka kulala mchana." Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada alipofariki. Nilienda kwenye misa yake, nikasimama nyuma, kisha nikarudi maabara kwa sababu nilikuwa na jaribio lisiloweza kungoja. Naamini asingenilaumu.

Tangu hapo nimefanya kazi katika maabara za hospitali hapa mjini, na sasa nakaribia kustaafu. Ni maisha ya kawaida. Sikuandikii kwa sababu yamekuwa makubwa.

Sasa nasaha zenyewe. Kuja Toronto si dawa. Fizikia ya huku ni ile ile, imeongezewa tu baridi. Ukija kwa kukimbia, utakachokikimbia kitashuka nawe uwanja wa ndege. Huko nyumbani pia njia zipo: shule nyingine itakayokupokea, mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, stashahada ya chuo cha kati kwa cheti chako cha kidato cha nne, kisha shahada kutoka hapo. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usisikilize stori za mtaani. Nenda chuoni kwenyewe ukaulize wanataka nini, na uulize kabla hujalipa ada popote. Njia ndefu isikutishe. Bandu bandu huisha gogo. Na wakikuambia kwamba njia fulani ni ya walioshindwa, waulize wao walifika wapi kwa kupita ipi.

Shule iliyokuomba uondoke usiichukie. Ina hesabu zake, nawe si mtumwa wa hesabu hizo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi mwenye akili hutazama kwanza koleo limevunjikia wapi.

Kwa hiyo, kabla hatujazungumza habari za ndege na karatasi, nakuomba kitu kimoja. Kesho toka chumbani, ukale na mama yako. Ukishakula, fungua kitabu cha fizikia kutoka ukurasa wa kwanza, usome mpaka ufike pale ambapo uliacha kuelewa ukaanza kukariri. Usione haya hata kama ni mapema sana kitabuni. Nipigie uniambie ni ukurasa gani. Tutaanzia hapo.

Mungu akupe akili iliyotulia na miguu isiyochoka. Akuondolee haya isiyokufaa, akuachie ile inayokufaa. Popote utakapokaa kusoma, akuletee karibu yako mtu wa kukuambia ukweli bila kukudharau, na siku moja na wewe uwe mtu huyo kwa mwingine. Amina, mwanangu.