Unyoya Kwenye Kofia ya Shutu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Shutu ni miguu yake. Hakuinyanyua. Aliipita barabara ya vumbi ya Msambweni, mbele ya maduka, akiburura nyayo kama mtu anayetembea ndani ya maji, na nyuma yake ikabaki mistari miwili mirefu. Kitu cha pili kilikuwa unyoya mwekundu uliochomekwa kwenye kofia yake, pamoja na ndoana ndogo.

Nilikuwa nimerudi pwani mapema mwaka wa 1957, baada ya kumaliza masomo yangu Kampala, kuja kusomesha katika shule ya hapo. Nikamwuliza jirani yangu Chirau, mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, kama bwana yule alipata kupooza.

"Kupooza?" Chirau akacheka, kisha akaacha kucheka. "La, mwalimu. Huyo amezoea kutembea hivyo majini. Siku moja tu alinyanyua mguu, na mguu huo ukamwachisha mke."

Habari yote niliipata kidogo kidogo, nyingine kwa Chirau, nyingine kwa Shutu mwenyewe, ambaye hakuwa msemaji lakini hakuficha kitu.

Shutu alikuwa Mdigo wa hapo hapo, mtu wa umri wa kama miaka arubaini. Zamani alifanya kazi kwa Mzungu mmoja wa Diani, akimbebea kikapu wakati wa kuvua. Mzungu huyo hakuvua kwa wavu wala kwa chambo cha nyama. Alikuwa na fimbo nyembamba ya mwanzi na mshipi mzito alioupeperusha hewani mbele na nyuma kabla ya kuulaza juu ya maji. Mwisho wa mshipi palikuwa na ndoana iliyofungwa unyoya. Alipougua na kurudi kwao alimwachia Shutu fimbo ile, na Shutu akaichukua kwenda kumtafuta gayogayo.

Gayogayo ni samaki bapa, mwenye macho yote mawili upande mmoja. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, yanapokwenda mbali kabisa, ufuo wetu hubaki na maji ya vifundoni kwa masafa marefu, naye hujizika kwenye mchanga, akabakiza macho tu. Rangi yake ni ya mchanga. Ukimkanyaga amekwenda, na ukinyanyua mguu na kuutua, mtikisiko humfikia kabla hujamwona. Kwa hiyo Shutu aliburura nyayo pole pole, akainama, akatazama. Akishayaona macho yale, aliulaza mshipi mbele yake, akauvuta unyoya chini chini hadi utifue mchanga kidogo, kama kamba mdogo anayekimbia. Gayogayo humrukia kamba huyo.

Nyoya hizo alizifunga mkewe, Mwanaima. Yeye alikuwa mshonaji wa kofia, na vidole vyake vilizoea uzi mwembamba. Alikuwa na jogoo mwenye shingo nyekundu, akimnyonyoa unyoya mmoja mmoja, akauzungushia uzi kwenye ndoana mpaka ukakaa kama umeota pale.

"Jogoo wangu atabaki uchi kwa ajili ya samaki wako," Mwanaima alimwambia siku moja.

"Nitamnunulia kanzu," Shutu akajibu.

Hawakujaaliwa mtoto. Nyumba yao ilikuwa na watu wawili na jogoo, na majirani wanasema kicheko kilisikika humo zaidi kuliko katika nyumba zenye watoto.

Wavuvi wenzake hawakuacha kumtania. Akipita na fimbo begani, mmoja alisema, "Bwana Shutu, leo kuku wametaga upande gani wa bahari?" Mwingine akadakia, "Mwacheni, anakwenda kuwachapa samaki viboko." Shutu alikuwa na ubaya mmoja tu: mzaha ukizidi, damu ilimpanda. Na damu ikimpanda, aliapa.

Hapa sina budi kueleza kiapo hicho. Wapo wanaume katika pwani yetu ambao mtu asipowasadiki huapa kwa talaka. Husema, nisipofanya jambo fulani, mke wangu ameachika. Jambo lisipofanyika, neno limekwisha kuanguka, na mke ameachika kweli, ingawa amekaa nyumbani anapepeta mchele na hana habari.

Mara ya kwanza Shutu aliapa juu ya mchezo wa bao, akafungwa. Jioni ile ile alimrejea mkewe, kwa kuwa sheria humruhusu mume kumrejea mke kwa neno lake maadamu eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, haijaisha. Mwanaima hakulia. Alimwita Mwalimu Salimu wa chuo cha Kurani awe shahidi, akamwambia mumewe, "Leo umenirejea bila kuniuliza, na sheria imekupa. Ikitokea tena, usinirejee mpaka niseme mimi. Niahidi." Shutu akaahidi.

Ilitokea tena. Mwaka wa 1957 ulikuwa ndio unaanza, mimi sijafika bado. Kwa siku kadhaa Shutu alirudi mikono mitupu, na asubuhi moja ya bamvua Chirau alimsimamisha ufuoni mbele ya watu.

"Mimi nasema hivi," Chirau alisema, "samaki wale wa zamani huyu alikuwa akiwanunua huko Gazi, akija kujisifu kwetu. Unyoya haujawahi kuvua hata dagaa."

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mteja mzuri wa watu wa Gazi."

Watu wakaangua kicheko. Shutu akasema, "Wallahi, nisiporudi na gayogayo kwa fimbo hii kabla maji hayajajaa, Mwanaima ameachika."

Kicheko kikakatika. "Lirudishe neno hilo, ndugu yangu," Chirau akasema. "Mimi nilikuwa nacheza."

Shutu alikuwa amekwisha kuingia majini.

Alimtafuta mpaka maji yakaanza kurudi. Ndipo akaona macho mawili, mbele kidogo ya pale mshipi ulipoweza kufika, na umbo lililozikwa lenye upana wa sinia. Aliniambia kwamba wakati ule hakuona samaki. Aliona mlango wa nyumba yake. Akataka kumsogelea upesi, akanyanyua mguu mmoja, akautua. Mchanga ukatifuka, na mahali pale pakabaki maji matupu.

Angeweza kupita Gazi akanunua samaki. Angeweza kunyamaza. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, nguo zikimdondoka maji, akamweleza mkewe kila kitu. Mwanaima alikuwa anashona kofia. Akaumalizia mshono, akaukata uzi kwa meno.

"Umeniweka tena rehani, mara hii juu ya samaki?"

"Nimeteleza, mke wangu."

"Hukuteleza," akasema. "Umekwenda kwa miguu yako."

Alifunga nguo zake, akambeba jogoo kwapani, akachukua uzi na kopo la ndoana, akapanda basi kwenda Waa kwa mjomba wake Alfani. Kwa Wadigo, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mpwa wake. Kitanda chake alichokuja nacho siku ya harusi alikiacha.

Mwalimu Salimu alimwita Shutu. "Hii ni talaka ya pili, na bado una nafasi. Mrejee. Neno moja tu latosha."

"Neno ninalo, Mwalimu," Shutu akajibu. "Ruhusa sina."

Huo ndio msiba niliomkuta nao. Eda ikiisha Mwanaima hajasema, atakuwa mwanamke huru, na huko Waa alikwisha kutokea mwanamume mmoja mwenye duka, aliyefiwa na mkewe, akamtumia Alfani salamu za posa. Na hesabu ya eda anayo mwanamke mwenyewe, maana hufuata mwili wake. Shutu hakujua kama amebakiwa na majuma au asubuhi moja.

Kila alasiri alikwenda kulingojea basi la Likoni, lipitalo Waa. Fimbo ilikuwa imelazwa juu ya boriti, haikushuka. Unyoya uliobaki ulikuwa mmoja, ule wa kofiani.

"Kwa nini huendi Waa, Mzee Shutu?" nilimwuliza.

"Nilikwenda. Mjomba Alfani alinipa kahawa. Akaniambia, 'Hajasema, mkwe wangu, na mimi sitamsemea.' Mwanaima hakutoka ndani." Akatazama nyayo zake. "Lakini jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Nikashukuru. Nilidhani wamemchinja."

Jambo moja lilimsumbua, akalirudia kila tulipoketi. "Lile kopo la ndoana, mwalimu. Mwanamke aliyekuchoka, ndoana zako huzichukulia nini?"

Siku moja Chirau alimjibu, "Pengine ili usivue tena." Baadaye alijuta, akaja kuniambia kwamba tangu siku ya kiapo hawezi kula samaki akashiba.

Jumatano moja, wakati wa likizo ya shule, basi lilisimama na utingo akaning'inia mlangoni. "Mzee Shutu! Alfani wa Waa anakusalimu sana. Anasema Mwanaima anakuja Ijumaa baada ya sala. Uwepo."

Shutu akashika mlango wa basi. "Anakuja kurudi, au anakuja kuchukua kitanda chake?"

"Mimi ni utingo, mzee wangu, si kadhi." Kisha kijana yule akamtazama vizuri, akashusha sauti. "Sikuambiwa. Wallahi ningekwambia."

"Usiape," Shutu akasema, akauachia mlango.

Ijumaa asubuhi maji yalikupwa sana. Nilimwona Shutu akiteremka na fimbo begani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Chirau na mimi tulimfuata, tukasimama kwenye mchanga mkavu. Watu wa madema walikuwapo pia, na hakuna aliyetaja kuku.

Akaenda mbali, akiburura nyayo, akiinama. Akasimama. Mshipi ukapanda hewani, ukarudi, ukalala. Yeye hakusogea. Miguu yake ilikaa palepale kama vigingi, mpaka fimbo ikapinda na maji mbele yake yakachafuka.

Aliporudi alikuwa na gayogayo kwenye pakacha, mpana, bado anafunga na kufungua mdomo. Chirau akasema, "Huyu hakutoka Gazi." Shutu akamwonyesha ndoana. Meno ya samaki yalikuwa yameung'oa unyoya. Uzi wa Mwanaima tu ndio uliobaki, umezungushwa barabara, haukulegea hata fundo moja.

"Sasa sina hata mmoja," akasema.

Tulisali. Baada ya sala akampaka samaki chumvi, akamfunika, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akakisogeza kitanda cha Mwanaima kutoka ukutani, kisha akakirudisha. Tukaenda naye barabarani. Alivaa kanzu, na ile ndoana tupu alikuwa ameichomeka tena kofiani.

"Sikiliza," Chirau akamwambia. "Yule hawezi kumwacha jogoo wake. Akija naye, amerudi. Akija mikono mitupu, amefuata kitanda. Utajua kabla hajafungua mdomo."

Shutu akaiweka kofia sawa. Akawa anautazama mpando wa kaskazini, midomo yake ikitembea bila sauti. Nadhani alikuwa akilifanyia mazoezi lile neno moja la kumrejea, ambalo hana ruhusa ya kulisema mpaka Mwanaima aseme.

Mlio wa injini ukasikika kwa mbali, ukapotea, ukarudi. Vumbi likainuka juu ya minazi. Basi likatokea juu ya mpando, dogo, limejaa mizigo kichwani, na kati ya mizigo hiyo kulikuwa na tenga moja la kuku, au mawili, yaliyofunikwa majani.

"Wamwona jogoo?" Chirau akauliza.

"Bado," Shutu akasema. "Bado liko mbali."