Picha ya Mama wa Kanchipuram

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata harufu yake sijaisahau: dawa za kusafishia picha, sabuni ya unga na mvuke wa nguo za watu. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu la Farsta, kitongoji cha Stockholm, nimeziba kidirisha kwa blanketi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na tangu Jumatatu sikuwa nimezungumza na mtu nje ya kazi.

Nikueleze kwanza picha niliyokuwa nikiisafisha humo ilitoka wapi. Kabla ya kuletwa Stockholm kujifunza ufundi wa simu, nilikaa masomoni miezi sita Madras, India ya kusini. Darasani nilikaa na kijana aitwaye Raghavan, na likizo ilipofika akanichukua kwao Kanchipuram. Mji ule zamani ulikuwa makao ya wafalme. Umejaa mahekalu, ndani na mashambani kuuzunguka. Mengine minara yake imechongwa sanamu kutoka chini hadi kileleni, mengine ni madogo, ya mawe ya mchanga yaliyoliwa na mvua. Nao ni mji wa wafumaji wa hariri, kwa hiyo tangu alfajiri unasikia vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya kufumia, vikigonga ndani ya nyumba.

Siku tatu tulizunguka miguu mitupu juu ya mawe yanayounguza, mimi, Raghavan na mama yake, mjane mfupi mwenye sauti kubwa. Mengi ya mahekalu yalikuwa na mlango wa ndani ambao asiye wa dini yao hapiti. Raghavan aliingia, mama akabaki nje nami. Kila mara. Mwishowe nikamwomba Raghavan amsihi mama aende akasali, nisimzuie. Mama akajibu kwa Kitamil, mwanawe akacheka na kunitafsiria: "Anasema Mungu ana watu wengi humo ndani. Wewe huku nje una nani?"

Siku ya kuondoka akaniomba jambo moja. Hakuwahi kupigwa picha maishani, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alitaka ajione angalau mara moja kabla hayajafunga. Akaketi kwenye ngazi za hekalu dogo nje ya mji, mwanawe pembeni, nami nikapiga. Nikamwahidi kuituma nikifika Ulaya.

Mwanangu, nilikaa na picha ile mwaka mmoja na miezi minne.

Laiti ungekuwa uvivu. Siku ile jua lilikuwa mgongoni mwangu, kwa hiyo kivuli changu kililala juu ya ngazi, kichwa chake kikagusa miguu ya mama. Kila nilipoitazama picha sikuona kingine. Nikaazima kitabu cha Kiswidi maktaba, nikakisoma kwa kamusi, neno baada ya neno. Nikanunua mashine kuukuu ya kukuzia picha, nikajifundisha mwenyewe kusafisha. Zamu yangu ya kufua ilipofika nilishuka na sahani za dawa badala ya nguo, na wiki nzima nikavaa mashati machafu. Nikakata picha upande wa chini, miguu ya mama ikapotea. Nikajaribu kuking'arisha kivuli, ngazi zikawa kama zimemwagiwa maziwa. Nikatupa, nikaanza upya. Raghavan aliniandikia mara tatu: mama anauliza. Sikujibu, maana nilitaka jibu liwe picha yenyewe, isiyo na kasoro. Jioni nilikula mkate na samaki wa kopo huku nimesimama, nikisikiliza majirani wakifunga milango yao, nikijihurumia kwamba sina mtu.

Basi siku hiyo mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Selemani! Zamu yako imekwisha. Fungua, mashuka yangu hayajifui."

Alikuwa Bi Saada wa ghorofa ya tatu, mwanamke wa Tanga aliyefanya kazi ya kufua nguo za hospitali. Jengo zima hakuna mwingine aliyejua Kiswahili, nami nilikuwa nikimkwepa. Nilijiambia nitamtembelea nikishakuwa mtu wa maana.

"Shikamoo, Bi Saada. Dakika tano tu, mwanga utaharibu."

"Marahaba. Mwanga utaharibu nini, unafuga popo?"

Akaingia na kapu lake, akavuta blanketi, na karatasi yangu ya picha ikaungua kwa mwanga, ikawa nyeusi kwenye sahani. Juu ya kamba zilining'inia picha kumi na moja, zote za watu walewale.

"Bibi huyu nani?"

Nikamweleza yote, hadi habari ya macho. Nikamwonyesha kasoro.

"Kivuli cha nani?"

"Changu."

"Na yeye kasema kitoke?"

"Hajaiona bado."

Bi Saada akaketi juu ya kapu la mashuka, taratibu. "Mtu macho yanamzimika, wewe unasugua kivuli? Mimi madoa nayajua, mwanangu. Mengine hayatoki. Shuka nalikunja nalipeleka, kwa sababu kuna mgonjwa analalia godoro tupu. Hiyo picha si yako. Ni ya mwenyewe."

Akanyanyuka, akachagua yeye, na akachukua ileile yenye kivuli cheusi kabisa. Stempu alitoa yeye. Akanisindikiza hadi kwenye sanduku la barua karibu na kituo cha treni, nadhani aliogopa ningerudi nayo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Raghavan aliandika kwamba picha imefika, lakini mama haoni tena, tangu majira ya mvua. Alimsomea picha kama mtu asomavyo barua: uso wako uko hivi, sari yako iko hivi. Alipofika kwenye ngazi akamwambia kuna kivuli cha mtu kinafika miguuni pako. Cha nani? Cha mgeni wetu. Mama akaomba kidole chake kiwekwe hapo. "Sasa akija mtu nyumbani," aliandika, "anamwonyesha picha, na kidole chake kinakwenda palepale. Anasema, huyu ndiye niliyekaa naye nje."

Nilisoma barua hiyo kwenye ngazi za jengo nikalia. Picha ile moja tu ilinionyesha nikiwa na watu, nami mwaka mzima nilikuwa nikijifuta humo. Kisha nikapanda ghorofa ya tatu, nikabisha hodi.

Nimekuandikia haya kwa sababu ya ulichoniambia hapa kwangu Akalla, tena kwa Kiswidi, kwamba bibi yako utampigia simu Kiswahili chako kikinyooka. Sikwambii ufanye mambo ovyo. Mimi mwenyewe bado naandika barua mara mbili. Nakwambia usimfanye mtu angoje wakati unajipamba. Mpigie leo. Kosea, changanya lugha, nyamaza ukikosa neno. Atakuwa anakusikia wewe. Anza na shikamoo, hiyo unaijua vizuri.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na popote jua litakapokupiga, kivuli chako kilale karibu na watu.