Fainali yangu ya drafti ilivyoliwa na "Injinia" wa ndani ya nyumba

Wakuu, salamu kwenu wote. Na dada zangu mnaosomaga humu kimyakimya bila kukomenti, leo sogeeni mbele, hii inawahusu.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mbezi Luis, na wiki mbili hazijaisha. Sijatia chumvi. Hasira mtakazozikuta humu ni zangu na bado za moto.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja. Na ninacheza drafti.

Sisemi drafti ya kusukuma kete ili siku iende. Nimekulia Songea na kaka watatu, na kwetu aliyefungwa drafti ndiye aliyeosha vyombo vya usiku. Nilivyofika miaka kumi na mbili nikawa nimeshasahau sufuria inasuguliwaje.

Sasa kuna ligi ya drafti ya mtandaoni. Watu wa Dar tupu, unapakua app, unajisajili, unapangiwa mpinzani kila wikiendi. Mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

Mwanzoni walinichukulia poa. "Karibu mwalimu, karibu mama." Nikaanza kuwafunga.

Nilipoingia nusu fainali, lugha ikabadilika. Nikamfunga jamaa mmoja wa Tabata bao tatu kwa moja, na kwenye grupu la WhatsApp mtu akaandika: "Huyu mwalimu ana mume hatari sana. Tumpongeze shemeji."

Vikaragosi vya kucheka vikamwagika.

Wakuu, mume wangu hajui drafti. Hajui kabisa. Ukimwachia kete mbili za bure ale, anaziangalia tu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula. Lakini kwao ilikuwa rahisi kuamini kwamba yeye ananichezea, kuliko kuamini kwamba wamefungwa na mwanamke anayefundisha darasa la tatu.

Sikuwajibu. Nilijisemea jibu ni fainali. Mpinzani wangu alikuwa bingwa mtetezi, jina lake la mchezoni ni Kifaru, na hakuna hata mmoja kwenye grupu aliyewahi kumfunga.

Jambo moja mlielewe. Kwa sababu kuna watu walikuwa wanapeana simu wachezeane, admin aliweka sheria kwamba msimu mzima unacheza na kifaa kimoja tu, kile ulichosajili. Mimi nilisajili tablet ya nyumbani. Simu yangu ilikuwepo lakini kwenye ligi haitambuliki.

Fainali ilipangwa Jumamosi saa kumi jioni. Ukichelewa nusu saa, umepoteza.

Jumatano ya wiki hiyo wachimbaji wa bomba la maji wakapita mtaani kwetu na katapila. Wakachimba mtaro wao, wakakata waya wa intaneti wa mtaa mzima, wakafukia, wakaondoka zao. Hata samahani hawakusema.

Alhamisi hamna. Ijumaa hamna. Sikuwa na mechi kwa hiyo nilivumilia, tablet ikawa imekaa tu sebuleni.

Jumamosi kama saa tano asubuhi intaneti ikarudi. Nilijua kwa sababu ghafla kila nyumba ilianza kulia meseji. Nikamaliza kufua kwa raha zangu, saa sita nikaichukua tablet pale kwenye meza ya TV, nikafungua app nipashe pashe mkono.

"Imeshindikana kuunganisha. Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Nikajaribu tena na tena. YouTube inafunguka vizuri, habari zinafunguka, drafti haitaki.

Hapo ndipo akaingia Baba Neema.

Mume wangu ni karani kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Lakini mtaani anaitwa Injinia, kwa sababu miaka ile alimrekebishia jirani king'amuzi kikashika. Tangu siku hiyo hakijaharibika kitu Mbezi nzima asitoe maoni.

"Tulia mke wangu," akasema, "hii ishu ya dakika tano."

Akazima ruta, akawasha. Akaihamisha ruta kutoka kabatini kwenda dirishani. Akachomoa waya, akaupuliza, akachomeka. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta akabadilisha namba ambazo nina uhakika hata yeye hazijui. Kila akimaliza ananipa tablet kwa madaha, nabonyeza, jibu ni lilelile.

Saa nane akapiga customer care. Akawekewa muziki. Kisha dada mmoja akamuuliza kama amejaribu kuzima na kuwasha. Akamfokea yule dada wa watu kwa dakika kumi, kwamba wao ni wababaishaji na wamemuunganishia laini mbovu. Dada akamwambia laini inaonekana iko sawa, baba. Akamkatia simu.

Mimi nikawasha hotspot ya simu yangu, nikaiunganisha tablet kwenye hotspot. Bado imeshindikana.

Nikamwambia taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wangu kugawanya: kama na kwenye hotspot inakataa, basi tatizo sio intaneti yetu wala ruta. Kitu kiko kwenye tablet yenyewe.

Mnajua alinijibu nini?

"Wewe kazi yako drafti. Mambo ya network niachie mie."

Wakuu, nilisikia damu imepanda mpaka masikioni. Hayo maneno hayana tofauti na ya kwenye grupu, tofauti yake ni kwamba huyu aliyeyasema nimempikia chai asubuhi.

Nikanyamaza. Na hapo nalaumu nafsi yangu, kwa sababu nilikuwa sahihi na nikanyamaza.

Saa tisa na nusu nikaenda chooni. Niliporudi nikakuta ameshaifuta app. Hajaniuliza. "Nimeitoa niiweke upya, itakuja fresh."

Ikaja fresh. Ikataka niingie upya kwa namba ya simu. Wanakutumia tarakimu sita kwa meseji, unaziandika. Meseji ikafika palepale, nikaandika palepale, app ikajibu tarakimu zimeisha muda.

Zimeisha muda vipi na zimefika sasa hivi? Nikataka nikae nilifikirie hilo. Yeye akanipokonya tablet, akaomba nyingine. Zimeisha muda. Akaomba ya tatu. Zimeisha muda.

Halafu app ikaandika kwamba tumejaribu mara nyingi mno, tusubiri saa moja.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Akasema labda aifute tablet nzima ianze kama mpya. Nikaichukua mkononi mwake, nikaibana kwapani kama mtoto wa kuku.

Saa kumi ikafika. Saa kumi na robo nikamwandikia admin kwamba nina tatizo la kuunganisha. Akajibu "pole, sheria ni sheria." Saa kumi na nusu tangazo likatoka kwenye grupu: Kifaru bingwa, mpinzani hakutokea.

Chini yake meseji ya kwanza: "Shemeji kasafiri nini?"

Ya pili: "Mwalimu bila shemeji ni tablet tupu."

Nikaenda jikoni. Nikakuna nazi mbili ambazo hazikuwa na mboga ya kuingia. Ningepata ya tatu ningeikuna.

Sasa mama mkwe wangu anaishi nasi tangu mwaka jana, katokea Muheza. Mama wa watu mpole, mswalihina, ana presha. Mchana kutwa alikuwa nyumba ya jirani anamjulia hali mgonjwa. Ndiyo akarudi muda ule, nikatoka jikoni nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akaenda sebuleni, akasimama mbele ya meza ya TV anatafutatafuta.

"Saa yangu mmeihamishia wapi? Nitajuaje muda wa dawa?"

Nikamuuliza saa gani mama, maana saa ya mezani hatuna.

"Hiyo aliyonitengenezea mwanangu. Hiyo ya kioo."

Akanyooshea kidole tablet niliyotoka nayo jikoni.

Nikamgeukia Baba Neema. Uso wake ulikuwa tayari umeshajua.

Kumbe ilikuwa hivi. Alhamisi, intaneti haipo na mimi nipo shuleni, mama alimlalamikia mwanawe kwamba hawezi kusoma muda kwenye vioo vya siku hizi. Kinaandika kumi na nne, kumi na tisa, yeye hizo saa hazijui. Saa mbili dawa, saa kumi na mbili dawa, basi. Injinia akachukua tablet, akazima ule mpangilio wa saa kujipanga yenyewe, akairudisha nyuma masaa sita ili ikifika saa mbili ya Waswahili isomeke mbili. Akamwekea mama kwenye meza ya TV. Mama akamwombea baraka.

Akasahau.

Ile tablet ilikuwa masaa sita nyuma ya dunia nzima. Ndiyo maana app ilikuwa inaikataa, ndiyo maana tarakimu za meseji zilikuwa haziingii. Mashine za mchezo zinasema ni jioni, tablet inasema ni asubuhi, hazielewani.

Na mnajua kinachoniuma zaidi? Niliiona ile saa. Mchana kutwa nilikuwa naiangalia. Nilipoifungua iliandika sita na dakika kadhaa, na kweli ilikuwa saa sita. Ilipoandika tisa na nusu, ilikuwa saa tisa na nusu. Kichwani mwangu iko sawasawa kabisa. Simu yangu pembeni inaandika 15:30, naitafsiri saa tisa na nusu, tablet inaandika 9:30, naitafsiri vilevile saa tisa na nusu. Mzungu angeshtuka dakika ya kwanza. Mswahili nilikaa nayo masaa manne.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha saa ijipange yenyewe. Nikasubiri ile saa moja tuliyofungiwa iishe, nikaandika tarakimu, app ikafunguka vizuri kabisa. Ikanikaribisha kwa jina. Ikaniambia nimepoteza fainali.

Huwezi kumfokea mume mbele ya mama yake, tena mama ambaye kosa lake ni kutaka kunywa dawa kwa wakati. Nilimpa mama dawa yake saa kumi na mbili, nikamwandalia chakula. Kisha nikamwita Baba Neema chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya chini kila nilichokuwa nacho moyoni. Kwamba alimfokea bure yule dada wa customer care. Kwamba mganga hajigangi lakini yeye hata mgonjwa hakumuuliza anaumwa wapi. Kwamba nilimwambia tatizo ni tablet na akaniambia kazi yangu ni drafti, na hata hiyo drafti ameninyima.

Aliinamisha kichwa. Akaomba msamaha, na alimaanisha, nampa haki yake.

Halafu akafanya kosa la pili.

Bila kuniambia akachukua simu yangu akarekodi sauti kwenye grupu: "Jamani msimlaumu mwalimu, kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika tablet siku nzima."

Nia nzuri kabisa. Dakika haikuisha mtu akajibu: "Haya, leo tumejua anayeshika tablet ni nani."

Wakuu, nililia. Nilikaa kitandani nikalia kwa hasira, mtu mzima.

Jumapili baada ya misa sikurudi nyumbani. Kwenye grupu ilijulikana kwamba Kifaru ni Mzee Nassor, ana duka la mapazia Mwananyamala, na barazani kwake ndipo wanaume wanapokutana kucheza drafti kila Jumapili. Nikaenda na nguo zangu za kanisani na mkoba wangu. Baba Neema alitaka kuja, nikamwambia akae na mama yake.

Nikakuta wanaume kama kumi, nusu yao sura nazijua kwa picha za WhatsApp. Nikamwamkia Mzee Nassor, nikamwambia mimi ndiye mpinzani ambaye hakutokea. Nimetokea.

Mmoja akaanza kucheka. Mzee Nassor hakucheka. Akamwinua aliyekuwa amekaa mbele yake, akapanga vizibo vya soda mwenyewe, akaniambia, "Karibu mwalimu, nyekundu au nyeupe?"

Tulicheza michezo mitano. Wa kwanza alinifunga vibaya. Wa pili nikamfunga. Wa tatu suluhu. Wa nne nikamfunga kwa kumlisha kete tatu akiwa anafurahia kula, nikapenya nyuma yake mpaka mstari wa mwisho nikapata kingi. Wa tano ulichukua karibu saa nzima, mteja wa mapazia kaja kaondoka hajahudumiwa, na ulipoisha kete iliyobaki mezani ilikuwa yangu.

Mzee Nassor akanipa mkono. Akasimama, akawaambia wenzake: "Mwalimu kanifunga. Anayesema nimefungwa na mumewe, kiti hiki hapa, aje akae."

Hakukaa mtu.

Kwenye app bado imeandikwa sikutokea. Admin kasema hawezi kubadilisha. Kila nikiiona hasira inaanza upya, sitawadanganya kwamba nimesamehe.

Nilichojifunza: akili za kuambiwa changanya na zako, hata kama anayekwambia mnalala kitanda kimoja. Intaneti ikirudi na mchezo ukagoma, kabla hujafokea mtu angalia saa ya kifaa chako, na isome kama Mzungu. Na ukiwa sahihi, usinyamaze. Mama mkwe tumempatia saa ya ukutani yenye mishale, anaisoma mwenyewe.

Leteni maoni, na mwenye Injinia wa namna hii nyumbani atuambie anaishi naye vipi. Na kama umesoma mpaka hapa na bado unaamini ni mume wangu anayecheza, usikomenti. Jumapili baada ya misa nipo barazani Mwananyamala. Chagua rangi.