Kogo Alipomtafuta Baba Yake Makaburini

Msimu ule wa mvua, harufu ya chai iliyokaushwa kiwandani iliingia hadi chumba alicholala mama na mdogo wangu mchanga. Mtoto alikuwa hajapata jina. Kwetu Wakipsigis, wanawake humwekea mtoto ugoro puani, kisha huita majina ya wazee waliokufa. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, na mzee huyo amerudi nyumbani. Kogo, yaani nyanya yangu, alitaka aitwe jina la baba yake mwenyewe, aliyepelekwa Burma na jeshi la Wazungu asirudi. Mkunga aliyesimamia shughuli akakataa katakata. "Nani aliona maiti? Ukiita mtu ako hai, unamuua." Asiyekuwapo na lake halipo. Husemwa subira huvuta heri. Kwa kogo ilivuta mvi tu.

Basi akanishika mkono, mimi niliyejua kusoma, tukapita katikati ya michai hadi makaburi ya wanajeshi nje ya Kericho. Nilipaogopa. Nyasi zilikatwa fupi kama nywele zetu za shule, na mawe meupe yalisimama kwa safu, la afisa na la askari wa kawaida kimo kimoja. Mbele walilala Wazungu waliofia hospitali ya jeshi wakati wa vita. Nyuma, karibu na ua, Waafrika. Nilisoma kila jina kwa sauti huku mvua ikinilowesha. La baba yake halikuwepo. "Soma tena, mama, pole pole," kogo akaniambia. Nikasoma tena. Kisha akafika kwenye jiwe lisilo na jina, akalishika. "Na hili?" Mtunzaji wa makaburi, mtu wa kutoka ziwani, akavua kofia. "Pole, mama. Hawa ni wale walikufia hapa. Wale walienda Burma walibaki huko." Kogo hakulia. Aliinama, akang'oa magugu yaliyoota chini ya jiwe lile. "Huyu pia ako na mtoto mahali," akasema.

Mdogo wangu alilipigia chafya jina la mtu mwingine.

Siku hizi mashine ndizo zinazochuma chai, na kogo amelala nyuma ya nyumba yetu, kaburi lake limesakafiwa. Kule kwa wanajeshi nyasi bado zinakatwa, na wageni huja kupiga picha. Mwaka huu mjukuu wangu amezaliwa hospitali ya Kaplong. Hakuna tena wa kubisha kwamba baba yake kogo amekufa. Nani huishi miaka yote hiyo? Nilimwita mzee huyo mimi mwenyewe, ugoro mkononi, nikamwita tena na tena hadi sauti ikanikauka. Mtoto hakupiga chafya, akalala usingizi.