Mwali Wangu Alilikata Jina Langu kwa Mkono Wake

Admin, nifichie jina. Nina miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa sekondari, naishi Dunda, Bagamoyo. Moyo umechoka, miguu imevimba, na daktari ameacha hata kunipangia tarehe ya kurudi. Kwa hiyo msiniandikie "pole bibi, utapona." Sitapona. Nisomeni tu.

Mbali na ualimu nilikuwa somo, kama mama yangu. Vijana wa siku hizi hamjui: somo ndiye anayemfunda msichana akivunja ungo na kumsimamia hadi ndani ya ndoa yake. Likimfika la chumbani haendi kwa mamaye, huja kwa somo, na somo hafungui mdomo. Nimewafunda wengi. Aliyebaki karibu nami ni mwali mmoja, ana miaka arobaini na moja. Ndiye anayeniogesha na kunipikia uji.

Mwaka jana akapata kocha. Ndiyo, kocha, kama wa mpira! Binti wa Dar anayekaa na wanawake kila Jumamosi kwenye baraza ya saluni, ati anawasaidia kujijenga. Nilimchukia kabla sijamwona. Mwali wangu alianza kurudi na maneno mapya, la kwanza "hapana." Akadai talaka yake, akaipata. Akaanza kusomea ualimu wa chekechea. Siku moja akamleta huyo kocha nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una mume?"

"Sina, bibi."

"Umezaa?"

"Bado."

"Sasa mwanangu unamfunza nini?"

"Simfunzi, bibi. Namuuliza anataka nini, halafu nasikiliza."

"Kuuliza nako kazi? Hata karani wa sensa anauliza, tena yeye huaga akaenda zake!"

Mwali wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Yule binti naye alicheka, lakini macho hakuyaondoa kwangu.

Alipoondoka, mwali wangu akakaa kunikanda miguu.

"Somo, kocha kanipa kazi ya nyumbani. Kaniambia niandike majina ya wote waliojua safari yangu ya Chalinze."

"Ukaandika?"

"Mawili. La mdogo wangu na la kwako. La kwako nikalikata palepale. Kocha akauliza, mbona umelikata? Nikamwambia, huyu ni somo wangu, ungekuwa wa huku ungeelewa."

Akaendelea kunikanda.

Safari yenyewe ni hii. Miaka kumi na moja iliyopita alinijia uso umevimba. Mumewe alikuwa akimpiga, na mara mbili nilishamrudisha mimi mwenyewe, nikimwambia avumilie. Mara hiyo hakuja kutaka ushauri. Alininong'oneza kwamba mama mmoja mwenye mgahawa Chalinze, pale malori yanapolala, amempa kazi na chumba. Alhamisi angepanda basi la asubuhi. "Hapa Bagamoyo tunajua watatu tu, Somo: mimi, wewe na mdogo wangu."

Alhamisi mumewe alimngoja stendi. Alimrudisha nyumbani mbele za watu, akachoma vyeti vyake vya shule jikoni, kimoja kimoja.

Mimi ndiye niliyemwambia. Mwanamume yule ni mtoto wa kaka yangu, na ndoa ile niliipanga mimi. Nilijiambia naokoa ndoa. Uongo. Nilikuwa naokoa jina la nyumba yetu.

Mwali wangu akaamini ni mdogo wake. Hajamsemesha tangu siku hiyo. Mdogo mtu yuko Ubena, ana watoto watatu ambao mama yao mkubwa hajapata kuwaona. Alikuja mara moja na msahafu mkononi, akaapa pale mlangoni kwa dada yake huku akilia. Nilikuwa ndani, nakunywa chai. Nikaimaliza.

Bado namchukia yule kocha. Anamwelekeza mwanangu kwangu polepole, bila kunitaja. Na amemuuliza swali ambalo mimi sikumuuliza hata siku moja tangu avunje ungo: wewe unataka nini?

Nilisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo kwamba haki ya mja Mungu haisamehe mpaka mwenyewe asamehe. Nikisema, nani ataniogesha? Nani atanifumba macho? Nikinyamaza, naingia kaburini na undugu wa watu wawili.

Nishaurini, nifanye nini? Wenye matusi leteni, nimeyastahili. Ila mjue kwamba nimeandika haya kwa siku nne, yeye akiwa darasani, na kwamba ukurasa huu ni yeye anayenisomea kila mchana baada ya uji, kisa chote na maoni yenu yote. Hiki nacho atanisomea.

Admin, jina langu lifiche. Chalinze usiifute.