Sulemani wa Boito na Kaka Yake

Jumamosi asubuhi niliondoka Kericho kwa sababu dada yangu Chelangat alikuwa amekataa ubatizo wa mwanawe mchanga. Mtoto wake wa kwanza, Kibet, alikufa kwa malaria kabla hajaota meno. Sasa alikuwa na wa pili, na mumewe Kiprono alitaka aitwe Sulemani. Chelangat akaniagiza niende kwanza nimweleze jina hilo limetoka wapi. Tangu nimalize shule ya usiku, mimi ndiye profesa wa ukoo; hata ng'ombe akikataa kutoa maziwa, naitwa.

Hadi Litein mvua ilimwagika kana kwamba mbinguni wamepasua bomba. Kutoka hapo lori la majani chai lilinibeba juu ya magunia matupu, katika tope la kumeza ng'ombe na kengele yake. Njiani nilirudia hotuba yangu: dhahabu, hekima, wake wengi kuliko waumini wa kanisa letu.

Boito nilipokewa na Kogo, nyanya yake Kiprono, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Alinisimulia jinsi alivyoita majina ya marehemu wa ukoo siku mtoto alipozaliwa, mpaka mtoto akapiga chafya kwa jina la babu mmoja. Ndivyo tunavyojua ni nani amerudi.

"Ugoro ulisaidia," Kiprono akasema.

"Nyamaza. Wewe ulihitaji kijiko kizima."

Chelangat hakucheka. "Na Kibet? Mbona hukumwita?"

"Huitwa waliozaa, mama," Kogo akajibu polepole. "Yule alikuwa mdogo."

Hotuba yangu ya dhahabu ikanikauka mdomoni.

"Sema, ndugu yangu," Chelangat akaniambia.

Nikasema nilivyofundishwa. Sulemani linatokana na neno la Kiebrania la amani. Lakini wapo wasomi wanaosema lina pia maana ya kufidia, kwa kuwa Daudi na Bathsheba walimzika mwana kabla ya huyo.

"Huyo wa kwanza aliitwa nani?"

"Biblia haikumtaja jina."

Akamtazama mumewe. "Kwa hiyo huyu ni fidia? Wa kwanza tumfute?"

"Mimi nilitaka hiyo amani tu," Kiprono akasema, macho chini. "Tangu tumzike, hakuna anayelala hapa."

Sijui nani alianza kulia. Nadhani ni mimi, na nililia vya kutosha kumwagilia shamba lote la chai.

Jumapili kanisani, nilikaa nikimwomba Mungu Chelangat asigeuke mlangoni. Aliingia, amembeba mtoto kifuani. Mchungaji akauliza jina.

"Sulemani," Chelangat akasema, "mdogo wake Kibet."

Mchungaji akasita, maji mkononi. Akamtazama baba. Kiprono, ambaye tangu mazishi hakuwahi kulitamka jina la Kibet, akasema kwa sauti iliyokatika, "Mdogo wake Kibet." Mchungaji akalitaja lote. Nyuma yangu nikamsikia Kogo akinong'ona, "Kibet," mara ya kwanza, kisha tena.

Jumatatu nilirudi na lori lilelile. Majina ya wafalme nilikuwa nimeyasoma kama mapambo. Boito nilijifunza kwamba jina linaweza kubeba msiba na bado mtoto akaliitikia. Tulipokaribia Litein, dereva akaniuliza dada yangu ana watoto wangapi.

"Wawili," nikamjibu.