Jumamosi za Mama Debora

Bukoto, mtaa wa utoto wangu, ulinukia mkaa tangu alfajiri, na kwa pua tu niliweza kusema nani anapika nini: maharage kwetu, samaki mkavu kwa Wakongo wa nyuma. Jiko la Mama Debora peke yake halikutoa moshi siku ya Jumamosi. Alikuwa mjane kutoka Mbale, mshonaji, na siku hiyo hata cherehani yake ilinyamaza. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini. Alijua sababu na hakuuliza. Serikali ya wanajeshi ilikuwa imepiga marufuku dini ya Kiyahudi, na redio haikuchoka kuwasema Mayahudi vibaya. Mimi nilidhani Mayahudi ni watu weupe wenye ndege za vita. Kwamba mmoja wao ndiye aliyenishonea sare ya shule, hilo halikunijia akilini.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Jumamosi alibeba sigiri yetu ya mkaa akaenda kupikia maharage yetu mlangoni kwa Mama Debora, ili wapita njia waone moto. Mwenyeji hakuyaonja; chakula chake alikipika Ijumaa. Nami nikaona ni ujirani tu.

Jumamosi moja mchana akaja sajenti, rafiki wa Baba, akanikuta peke yangu barazani, akaniuliza kwa Kiswahili cha kambini:

"Mama yako iko wapi?"

"Iko kwa Mama Debora, Afande. Yeye napika kule. Mama Debora Jumamosi hapana washa moto."

"Jumamosi yote?"

"Yote," nikajibu, nikijivunia kujua mambo ya wakubwa.

Ulimi huponza kichwa, wanasema, lakini kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Sajenti aliondoka bila kumsubiri Baba. Mama aliposikia hakunipiga, heri angenipiga. Mama Debora, ambaye sikuwahi kumwona akibeba hata ndoo siku ya Sabato, hakungoja jua lizame. Alijitwika cherehani akaelekea kwenye mabasi. Jumatatu wanajeshi walivunja mlango wa nyumba tupu. Hatukupata habari zake tena.

Leo watu wake wanasali Mbale mchana kweupe. Lakini juzi mjukuu wangu alinisomea kwenye simu kwamba Mayahudi ndio wanaoharibu dunia. Nikamwuliza kama amewahi kumwona hata mmoja. Hajawahi, ila kila mtu anajua. Nikamkalisha nikamsimulia haya yote, hadi kwenye cherehani.

"Jaja," mjukuu akaniuliza, "kumbe ulikuwa unamchukia?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilimpenda sana. Na bado nilimponza."